Alama Saba za Mwanahamisi

Ujumbe wa Chanika ulinifikia siku ya Jumanne, nikakaa nao mpaka Ijumaa bila kuujibu. Uliandikwa na mmoja wa mafowadi wetu wa zamani, kwamba wachezaji wote wa magongo wa kile kiwanda, waliobaki hai na wenye miguu ya kuwafikisha, wakutane nyumbani kwa Mwanahamisi wale pilau na kuonana, kabla hatujawa watu wa kuonana misibani tu. Jina la mwenye nyumba nililisoma mara nne. Binti yangu alikuwa kando yangu kwenye kochi na simu yake, anacheza ule mchezo wake wa mtandaoni wa kuwa meneja wa timu ya hoki, tena hoki ya kwenye barafu ambayo hajapata kuiona kwa macho, akishindana na watu wa nchi asizozijua. "Mama, nimpange nani golini?" akaniuliza kwa utani. "Huyu ana themanini na mbili, huyu sitini na nne, ila wa sitini na nne bei yake chee." Nikamwambia sitaki kuona. Nilisema kwa ukali, akashangaa, maana kwa kawaida mimi ni mtu wa kushabikia hata mashindano ya kuku. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba na mimi niliwahi kuwa meneja wa namna hiyo kabla yeye hajazaliwa, kwamba golikipa niliyempa alama saba kati ya ishirini alistahili karibu zote ishirini, na kwamba golikipa huyo ndiye anayetualika pilau na mpaka leo hajui?

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nikiwa na miaka ishirini na miwili, mpiga teleksi wa kiwanda cha nguo huko Temeke. Vijana wa leo hawaijui teleksi. Ilikuwa mashine nzito yenye vibonye, unaandika wewe Dar es Salaam na maneno yanajichapa yenyewe kwenye mashine nyingine Tanga au Mwanza dakika ile ile, na mtu wa kule akitaka anakujibu papo hapo. Chumba changu kilikuwa kidogo, kina harufu ya mafuta ya mashine, na ndicho pekee chenye kiyoyozi ukiacha cha meneja mkuu. Kiyoyozi hicho kiliwekwa kwa ajili ya mashine, si kwa ajili yangu, na watu walipenda kunikumbusha hivyo walipokuja kujipoza. Ukuta wa kulia ulikuwa wa plaiwudi, na nyuma ya plaiwudi ilikuwa ofisi ya Afisa Utumishi, kwa hiyo kikohozi chake nilikijua kuliko sura yake. Kila teleksi iliyotoka ilikuwa na namba, na nakala yake ya pinki ilipaswa kuingia kwenye faili kulingana na kichwa chake cha habari. Namba ikikosekana kwenye faili, wa kuulizwa ni mimi. Niliishika sheria hiyo kama sala, na sheria hiyo ndiyo iliyokuja kunitia kitanzi.

Kiwanda kilikuwa na timu ya wanawake ya mpira wa magongo, na kila tawi lilikuwa na yake: Tanga, Morogoro, Mwanza. Siku hizo shirika la umma lililomiliki kiwanda na matawi yake liliajiri mtu kwa sababu anacheza, halafu ndiyo likamtafutia kazi. Mwanahamisi kwenye karatasi alikuwa mkunja vitenge, lakini kila mtu alijua kwamba yeye ni golikipa na vitenge ni kumpitishia muda kabla ya mazoezi ya jioni. Kiwanja chetu kilikuwa vumbi tupu nyuma ya bohari, na pedi zake za miguu zilishonwa na mafundi wetu wenyewe kwa turubai na kujazwa sufi, kwa hiyo mvua ikinyesha zilikuwa nzito kama magodoro. Nikifunga mashine nilikwenda kusimama pembeni mwa goli lake. Mpira ulipokuja chini alijitupa ubavu mzima mavumbini, akasimama na kuwatukana mabeki mmoja mmoja kwa jina. Sijapata kuona mtu mwenye uhakika wa mwili wake namna ile. Mimi nilikuwa mtu wa kuogopa kila kitu, naogopa hata simu ikilia, na nadhani ndiyo sababu nilimpenda.

Mchezo wetu ulianzishwa na Bwana Semkiwa, mpiga teleksi wa Tanga, mtu mzima ambaye sikuwahi kuonana naye uso kwa uso lakini nilimwandikia shikamoo kila asubuhi. Saa ya chakula laini zililala bure, na yeye hakupenda kitu kilale bure. Tulikuwa wanne, mmoja kila tawi. Kila mmoja wetu aliwapa alama wachezaji wa tawi lake, kati ya moja na ishirini, kwa kuwa ndiye anayewaona. Alama hiyo ndiyo iliyokuwa bei yake. Kisha kila meneja alipewa alama mia na ishirini za kutumia, na kwa hizo aliunda timu ya watu kumi na mmoja kutoka tawi lolote, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja wetu wengine hawakumpata. Jumamosi wachezaji walicheza mechi zao za kweli huko waliko, bila kujua lolote, na Jumatatu tukatumiana matokeo: aliyefunga goli alimletea meneja wake pointi tatu, golikipa asiyefungwa akamletea tano. Kwa hiyo ujanja wote ulikuwa kumpata mtu mwenye alama ndogo anayecheza mpira mkubwa. Ilinichukua wiki tatu kuligundua hilo, na nikiwa nimeshindwa zote tatu nilikuwa na hasira za kutosha.

Mwanahamisi nilimpa kumi na tisa mara ya kwanza. Tanga akamchukua, akanifunga naye. Nikakaa nikifikiri jinsi ya kumrudisha, nikaona njia ni moja tu, nimshushe. Robo ya mwaka iliyofuata tuliruhusiwa kutoa alama upya, nikaandika saba. Lakini golikipa hawezi kutoka kumi na tisa akaanguka hadi saba bila sababu, na Bwana Semkiwa hakuwa mjinga. Ilibidi niandike maelezo. Nikaandika: MZITO SASA. ANACHELEWA KUANGUKA. Nikayasoma, nikaona hayatoshi, yanasikika kama uongo. Nikaongeza: GOTI LA KUSHOTO BOVU, ANAFICHA.

Hilo la goti lilikuwa kweli. Alinieleza mwenyewe kantini, tukila ugali na maharage yaliyokuwa na mawe kama kawaida yake, akiwa amenyoosha mguu chini ya meza. "Shoga, hili goti linaniuma usiku nalia," alisema. "Usije ukamwambia mtu. Wakijua nina goti wataniweka benchi, na mie benchi sikuzaliwa nalo." Nikamwapia. Miezi miwili baadaye nikalituma goti lake mikoa mitatu, kwa herufi kubwa, ili nipate golikipa wa bei rahisi. Na juu kabisa, ili mkubwa yeyote akipita asiulize tunaandikiana nini, niliweka kichwa cha habari kama tulivyokubaliana wote wanne: TATHMINI YA WACHEZAJI, ROBO YA PILI. Nikapiga namba, nikaichukua nakala ya pinki, nikaitia kwenye faili la michezo. Nilipomaliza nilikwenda kununua mihogo ya kukaanga na chachandu getini nikala kwa furaha, kwa sababu Tanga alikuwa amemwacha na mimi nimempata.

Kwa wiki sita niliongoza ligi. Mwanahamisi hakufungwa mechi nne, nami kila Jumamosi nilishangilia golini kwake kuliko mtu yeyote, mpaka akaniita kwa jina, "Leka, wewe mtu wa bara utapasuka koo." Na hapo hapo, wakati mimi nahesabu pointi, kiwanda kilikuwa kinakufa. Mitumba ilikuwa imejaa kila kona ya mji, shati la Ulaya bei ya ndizi, na vitenge vyetu vikalala bohari mpaka panya wakavizoea. Tukasikia kwamba shirika litauzwa na mnunuzi hataki watu wengi. Neno "kupunguzwa" likaingia kantini, likakaa mezani na sisi kila mlo. Watu waliacha kugombea nyama. Wanamichezo walisemwa kwanza, kwamba hao ndio wa kuondoka wote, halafu ikasemwa kwamba kila nafasi ya uwanjani atabaki mmoja, mnunuzi ni mpenda michezo. Golini tulikuwa na wawili, Mwanahamisi na msichana wa akiba, niliyempa alama kumi na moja bila hila yoyote kwa sababu sikumhitaji. Sikuwaza chochote. Nilimwambia Mwanahamisi, "Wewe huna wasiwasi, nani atakugusa?"

Ijumaa moja mchana nilisikia kikohozi nyuma ya plaiwudi, kisha sauti ya katibu wa michezo, Bwana Pazi, mtu ambaye uwanjani alikuja siku za kugawa jezi tu. Afisa Utumishi alikuwa amemwagiza alete tathmini ya wachezaji, na Pazi hakuwa nayo, wala hakuwa na nia ya kuandika. "Tunayo, bosi," nikamsikia akisema. "Hii hapa kwenye faili, ya robo hii hii, kila mtu na alama yake." Karatasi zikafunuliwa. "Ndiyo kazi hii sasa," akasema Afisa. "Si mtu anakuja ananiambia fulani hodari, fulani hodari. Golikipa, saba?" Pazi akasitasita. "Mie nilidhani yule mkubwa ndiye hodari." "Wewe umedhani, karatasi imepima. Soma hapa. Goti bovu, anaficha. Kumbe tunafuga watu." Mikono yangu ilikuwa kwenye vibonye, na Morogoro alikuwa akiniuliza kwa nini nimenyamaza, akaniuliza tena na tena, na maneno yake yakawa yanajichapa mbele yangu siyasomi.

Orodha ya watakaopunguzwa ilisemekana ingebandikwa Jumatano. Nilikuwa na siku tano, na nizieleze vipi? Nilikuwa nasali rozari huku napanga uongo. Jumapili Mwanahamisi alinichukua kwao Mtoni, kama alivyozoea. Mama yake alitupakulia wali wa nazi na kisamvu, akaniwekea mimi kipande cha samaki cha kichwa, akasema, "Kula, mwanangu, mwenzio anakusifu kila siku kwamba unatunza siri." Nilikaa na kile kichwa cha samaki mbele yangu nikaona kinanitazama. Mwanahamisi alikuwa akipanga nini atafanya baada ya kiwanda kuuzwa, mnunuzi huenda ataleta pedi za kisasa, huenda kiwanja kitapandwa nyasi. Mara tatu nilifungua mdomo, na mara tatu nikauliza chumvi. Nikimwambia, nilijisemea, atakwenda kwa Pazi kwa kelele, Pazi atakwenda kwa Afisa, na Afisa ataona kwamba mpiga teleksi anachezea mashine ya shirika wakati watu wanatafutwa wa kupunguzwa. Niliwaza hayo yote kwa mdomo uliojaa wali wa watu.

Jumatatu nikafanya kituko. Niliandika teleksi nyingine, TATHMINI YA WACHEZAJI, MAREKEBISHO, golikipa kumi na tisa, afya njema, nikaituma Tanga ili ipate namba, nakala moja nikaitia kwenye faili na nyingine nikampelekea Pazi mkononi. Saa ile ile nikasikia kicheko nyuma ya ukuta. "Umeona?" Afisa alisema. "Kampeni zimeanza. Wiki sita zilizopita mgonjwa, leo simba." Kwa hiyo marekebisho yangu yakawa ushahidi kwamba ya kwanza ilikuwa kweli. Bwana Semkiwa naye alinijibu kwa mstari mmoja: BINTI, KUNA NINI HUKO? Nikamweleza yote, herufi kubwa, bila nukta. Mashine ikajichapa: NENDA KASEME KWA MDOMO WAKO. Na kuanzia siku hiyo hakucheza tena na sisi.

Jumanne saa nne nilibisha mlangoni kwa Afisa Utumishi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Kuna teleksi?" "Hapana, mzee. Nimekuja kuhusu ile tathmini." Nikasema. Nilisema yote nikiwa nimesimama, alama ni mchezo, sisi wanne, saa ya chakula, nilimshusha kwa makusudi ili nimpate mimi. Alinisikiliza huku anazungusha kifuniko cha kalamu. Hakukasirika, na hilo liliniogopesha zaidi. "Kwa hiyo saba ni uongo." "Ndiyo, mzee." "Na uzito ni uongo." "Ndiyo, mzee." Akainua macho. "Na goti? Goti nalo ulilitunga?"

Nimeirudia dakika ile maisha yangu yote. Niliingia mle nikiwa nimejiapiza kwamba leo sitasema uongo hata mmoja, na labda hilo ndilo lililoniponza, au labda ni kisingizio nilichojitengenezea baadaye, kwa sababu nilikuwa nimeogopa na nilitaka anione mtu mzuri. Nikasema, "Goti ni kweli, mzee." Akaweka kalamu mezani. "Basi. Mengine ni utoto, goti ndilo lenye maana. Mnunuzi hataki kurithi wagonjwa." Kisha akaniambia, kwa upole wa baba, kwamba habari ya kuchezea mashine ameisikia na ameisahau, na kwamba mtu anayekuja mwenyewe kusema ukweli hawezi kumpunguza. Nikamshukuru. Naona aibu kuliandika hili, lakini nilimshukuru mara mbili.

Jumatano Mwanahamisi aliitwa mapema. Nilimsubiri kwenye kivuli cha bohari. Alitoka na barua mkononi, akapita moja kwa moja hadi chumba cha vifaa, akarudi amebeba zile pedi, akaziweka chini mbele ya mlango wa Pazi. "Wamenipunguza, shoga," alisema. Hakulia. "Nani kawaambia habari za goti langu?" Nilisema sijui. "Basi ni Pazi. Ana macho ya mwewe yule." Nikamwacha Pazi abebe. Tuliagana getini, akaniahidi atakuja kuangalia mechi Jumamosi. Hakuja Jumamosi ile wala nyingine, akahamia Chanika kulima, nami sikumfuata. Kila nilipofikiria kumfuata nilijiambia kwamba nimemkosesha kazi, na mtu aliyemkosesha mwenzake kazi aende mikono mitupu akaseme nini? Mimi nilibaki kiwandani miaka miwili zaidi, mpaka teleksi ikang'olewa na kiwanda chenyewe kikafungwa.

Nilifika Chanika asubuhi, kabla ya wengine, kwa sababu nilijua wakishakuwa wengi nitapata sababu ya kunyamaza. Mwanahamisi amenenepa, anatembea sawasawa, goti lake zima kuliko yangu yote mawili. Alinikumbatia mpaka miwani ikanitoka. Alinipa kisu na sinia la vitunguu, tukakaa barazani kwenye mkeka, na kitunguu cha kwanza hakijaisha nikamwambia. Nilimwambia vizuri, kwa mpangilio, Bwana Semkiwa na laini na bei na saba na goti. Vitunguu vilinisaidia, sikujulikana nalilia nini. Yeye aliendelea kukata, vipande vyembamba vinavyolingana, mpaka nikamaliza.

"Yaani ile saba ni yako," akasema.

"Yangu."

"Yule Afisa alinisomea siku ya barua. Mzito, anachelewa kuanguka, saba kati ya ishirini. Alinisomea kama hukumu ya mahakama." Kumbe Afisa alimsomea hata yale niliyomwambia kwamba ni uongo. Mwanahamisi akaweka kisu chini. "Kazi mie sikuililia, Leka. Kiwanda chenyewe kilikufa, nyie mlitoka na mabegi yenu kama mie. Nimelima, nimejenga, nimesomesha. Lakini mwezi ule ule iliniita timu moja ya mjini, timu kubwa. Walimtuma mtu mpaka Mtoni. Ulijua?"

"Sikujua."

"Nikamrudisha. Nikajisemea, watu wanaoniona kila siku wamenipa saba, nikajiaibishe kwa wasionijua? Sikushika gongo tena. Nilikuwa na miaka ishirini na minne." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, akitazama uani. "Wanangu hawajui kwamba nilikuwa nacheza. Ningewaambia nini? Nilikuwa golikipa wa saba?"

Miaka thelathini nilikuwa nimeibeba kazi yake mgongoni, na kumbe kazi hakuihitaji. Nilitaka kuomba radhi, na nilipoanza akaninyamazisha kwa mkono.

"Na ya kweli ilikuwa ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Moja umeipeleka wapi?"

"Ulikuwa unatukana mabeki."

Alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikacheka, nikadhani yamekwisha. Kisha akaacha kucheka. Akanawa mikono, akanishika kifundo cha mkono kama mtu anayemvusha mtoto barabara, akanipeleka hadi kwenye turubai ambako wenzetu walikuwa wameshaanza kukaa, na wanawe wanne wakipanga viti. "Jamani," akasema, "nyamazeni kidogo. Leka ana neno la kuwaambia nyie na hawa wanangu." Watu wakanigeukia. Nikaanza, na sauti ikatoka ndogo, ile ya kuulizia chumvi.

"Kwa sauti," akasema Mwanahamisi, bado amenishika. "Wa nyuma hawakusikii."